Hodi ya Tatu Mpakani

Fumbeni macho, wanangu, mlione boma la magogo huko mpakani, na mazimwi yamelizunguka tangu alfajiri. Ndani wamebaki askari saba, wake zao, na afisa kijana kutoka Ulaya, Bwana Otto, aliyetumwa na serikali yake kulinda nchi asiyoijua.

"Risasi haziyaingii, Bwana," alisema Sajini Rehani. "Lakini zimwi halivuki mlango bila kukaribishwa. Likipiga hodi tatu lisijibiwe, huenda zake. Hata likikuita mkwe, funga mdomo!"

"Hodi!" zimwi likanguruma. Kimya.

"Hodi, mwanangu!" Sasa ilikuwa sauti ya mama yake Otto. Kijana akalia, lakini hakujibu.

"Hodi! Kikosi cha msaada tumefika!" Hiyo ilikuwa sauti ya kapteni wake, ambaye Otto alikuwa akimngojea kwa miezi mitatu.

Rehani akaruka amzibe mdomo.

"Karibu!" Otto alikwisha kusema.

Lango likafunguka lenyewe. Kufikia jioni palibaki majivu matupu.

Msimcheke, wanangu. Kumbukeni tu kwamba mkono wa Rehani ulimfika mdomoni, ukachelewa kwa neno moja.