Nyuzi Tatu za Bi Mwanakombo

"Uzi haujalegea hata kidogo!" Siwema alifoka. "Ulikuwa unakula kwa kificho, Mwantumu. Sema tu."

"Nile nini, dada? Chungu si kimoja? Na wa kukikomba si wewe?"

"Basi huo mwili umeletewa na upepo?"

Shangazi Hadia akakohoa kuwakatiza. Mapajani alikuwa na kisutu, kanga ya harusi ya marehemu mama yao, na juu yake nyuzi tatu.

Wasikilizaji, tuwaache kidogo niwajulishe hawa watu, maana ugomvi wao mtauamua ninyi.

Bi Mwanakombo alikuwa fundi cherehani Muheza. Alikuwa mnene, na ugonjwa wa sukari ndio uliomchukua. Alipoona hatapona, aliwapima binti zake kiuno kwa uzi, kama alivyowapima wateja, akafunga fundo kwenye kila uzi pale kiuno kilipofikia. "Sitaki mnifuate," alisema. "Pandeni kilima kila alfajiri, punguzeni mafuta na sukari. Mwaka ukitimia, kisutu changu apewe aliyenitii. Wifi yangu Hadia atatazama nyuzi."

Siwema, mkubwa, alikuwa na miguu myepesi na mwili mwembamba wa baba yao. Alipanda kilima, na kabla ya masika uzi ukawa unamshuka nyongani. Angeweza kuacha. Hakuacha, ili wadogo zake wasichekwe peke yao njiani.

Zaina, mdogo, alikuwa na kipaji cha kuamka bila kuamshwa. Ndiye aliyewavuta wenzake kitandani, hata siku za mvua. Alipanda kilima, na uzi wake ukalegea. Lakini kiu ikamwanza, kiu ya kumaliza mtungi, na zahanati wakamkuta na sukari ileile ya mama.

Mwantumu, wa kati, alijaliwa kutokata tamaa. Alipanda kilima na wenzake asubuhi, na jioni akakirudia peke yake. Alilala na njaa, kanga ameikaza tumboni. Uzi haukulegea. Muuguzi alimpima akatabasamu: presha yake, iliyokuwa juu, imeshuka, na moyo wake una nguvu. "Watoto wa tumbo moja hawarithi mwili mmoja," alimwambia. "Wako unashika kila unachoupa. Kilima kimekusaidia, ila uzi hauwezi kuonyesha."

Mwantumu aliyarudia maneno hayo mbele ya shangazi.

"Muuguzi hakuachiwa wosia," shangazi akajibu. "Mimi nimeachiwa nyuzi."

"Basi apewe Zaina," Siwema akasema ghafla. "Mimi uzi umenishuka tu. Sijui hata nimefanya nini."

"Mimi nina sukari, dada," Zaina akanong'ona. "Mama alisema tusimfuate. Mimi nimeshamfuata."

Shangazi akakishika kisutu, asijue amnyooshee nani.

Sasa ninyi mnaonisikiliza: kilima kimoja, chungu kimoja, mwaka mmoja. Yupo ambaye uzi wake umelegea kuliko wote, kama alivyotaka mama. Yupo aliyewaamsha wenzake, na ugonjwa ukampata yeye. Yupo aliyepanda zaidi ya wote na hana cha kuonyesha. Kisutu kingekuwa mikononi mwako, ungempa nani?

Lakini msijibu kabla hamjasikia hili. Bi Mwanakombo naye alikuwa akipanda kilima kile. Kila akirudi anahema, shangazi alimtania, kwa utani wa mawifi: "Umepanda kilima, wifi, au umepanda sinia la wali?" Majirani walicheka. Yeye naye alicheka, hadi siku moja akaacha kusema anakokwenda, kisha akaacha kwenda.

Mwantumu aliuchukua uzi wake, akajifunga kiunoni. Ulimbana palepale pa mwaka jana. Akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Shangazi, kisutu mpe umtakaye. Mimi niambie kitu kimoja tu: mama aliposema ametoka kilimani, alikuwepo hata mmoja wenu aliyemwamini?"