Kwa Nini Jani la Msasa Hukwaruza

Wageni wanaotembelea bustani yetu ya mimea ya asili huwa na haraka wakifika mbele ya mti huu. Husimama kwenye maua, hupiga picha na mikindu, hunusa mtarakwa, kisha wakiufikia msasa hupita kama wapitavyo mlango wa jirani wasiyesalimiana naye. Leo hatutapita. Wekeni mikoba chini, niwaeleze habari za mti huu kama nilivyoelezwa na waliokuja kabla yangu. Huu ni mti uliowahi kukataa, na mti uliokataa unastahili watu wasimame mbele yake kidogo.

Zamani, watu wa milima hii ya Upare hawakuvaa viatu, na hakukuwa na mti wenye jani laini kuliko msasa. Jani lake lilikuwa kama sikio la ndama. Mama aliyejifungua alimpangusia mtoto uso kwa jani la msasa, na mwenye kidonda alikifunika kwa jani hilohilo. Misasa mingi ilimea kuizunguka ndiva, yaani bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo mlimani juu ya mashamba. Usiku kucha maji ya kijito yaliingia ndivani, na asubuhi kizibo kilifunguliwa, maji yakateremka mferejini kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mizizi ya misasa ndiyo iliyoushika ukingo wa ndiva usiporomoke.

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli baragumu lilipigwa, na watu wote wakapanda kwenda kuzoa mchanga ulioingia ndivani. Kazi hiyo ya wote waliiita msaragambo. Aliyejificha nyumbani aliimbiwa nyimbo za kumcheka mlangoni kwake, na nyimbo zenyewe zilikuwa kali kiasi kwamba wengi walipendelea kuzoa mchanga.

Akatokea mfumwa, yaani mtawala, Mfumwa Kivuma, aliyependa sana kutazamwa. Aliamuru kila mmea wa milima hii uletwe na kupandwa karibu na boma lake: mkuyu, mgunga, mkwaju, mshubiri, hata majani ambayo watu walikuwa hawayajui kwa majina. Kukusanya mimea hakukuwa kosa. Watu waliipenda bustani ile, na wazee walipeleka wajukuu wao kuona mimea ya mabonde ya mbali bila kufunga safari. Kosa lilianza sifa zilipozidi. Wageni wa milima mingine walipoanza kuja kuitembelea, Mfumwa Kivuma aliona haifai wakanyage udongo kama watu wa kawaida. Akaagiza njia yote ya bustani, kutoka langoni mpaka kwenye kiti chake, itandikwe majani ya msasa. Naye mwenyewe akaacha kukanyaga udongo. Popote alipokwenda alitandikiwa.

Majani hukauka. Kila wageni walipokuja yalitakiwa mapya, na wageni walikuja kila mwezi. Baragumu la msaragambo sasa lilipigwa kwa ajili ya kuchuma majani, na mchanga wa ndiva hakuna aliyeugusa.

Miongoni mwa waliopelekwa kuchuma alikuwepo msichana aliyeitwa Nakiete. Bibi yake, Nashuva, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kizibo cha ndiva. Aliweza kusikiliza maji gizani akasema yamefika wapi. Nakiete alikuwa amejifunza kwake misimu miwili, na alitaka kuliko kitu chochote kuja kuwa mlinzi wa kizibo. Msimu wa tatu ulipoanza, watu wa Mfumwa walikuja kumchukua.

"Bado ninajifunza," Nakiete aliwaambia.

"Kuchuma majani hakuna cha kujifunza," walimjibu. "Utaweza tu."

Miaka miwili ikapita hivyo. Maji ya ndiva, ambayo zamani yalimfika mtu mzima shingoni, sasa yalimfika magotini, kwa sababu chini kote kulijaa mchanga. Mashamba ya chini hayakupata zamu. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Misasa nayo, iliyochumwa ikaachwa uchi mara kwa mara, ilianza kufa mmoja mmoja, na ukingo wa ndiva ukaanza kumeguka upande wa mabondeni.

Bibi Nashuva alimpeleka mjukuu wake pale palipomeguka, akamwonyesha mizizi iliyokauka. "Misasa ikichumwa hivi mwaka mmoja zaidi, itakufa yote," alisema. "Ukingo utaondoka, na mashamba yote yatafuata."

Nakiete hakuyaacha maneno hayo yalale. Siku hiyohiyo aliteremka mpaka bomani, akapiga magoti mbele ya Mfumwa Kivuma kama ilivyokuwa desturi, akasema, "Mfumwa, ndiva imejaa mchanga. Tupe siku tatu tuzoe, na misasa ipumzike."

Mfumwa alicheka, na wazee waliokaa naye wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Wewe hata kizibo hukumaliza kufundishwa," alisema. "Leo umekuja kunifundisha mimi habari za maji?"

"Sikumaliza kwa sababu ulinitoa," Nakiete alijibu. "Lakini mchanga ule hauhitaji mtu aliyemaliza. Hata mbuzi anauona."

Wazee waliacha kucheka. Mmoja aliangalia vidole vyake vya miguu kwa muda mrefu.

"Mwezi ukiandama tena nitapokea wageni wa milima mitano," Mfumwa alisema. "Nataka majani njia nzima, tabaka mbili. Na mchanga huo, kama unakukera sana, kailishe hiyo misasa yako."

Nakiete alishukuru, akainuka. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuzoa mchanga na sasa alikuwa nayo, hata kama aliyeitoa aliitoa kwa dharau.

Alfajiri iliyofuata aliingia ndivani na kikapu. Alizoa mchanga, akapanda ukingoni, akaumwaga kwenye shina la msasa wa kwanza uliokuwa hauna hata jani moja. Akarudi, akazoa tena. Wasichana waliokuwa wakipita na mitungi walisimama kumtazama, na rafiki yake Mbonea akapaza sauti, "Nakiete! Unapikia miti ugali?"

"Ndiyo," alisema bila kuinua kichwa. "Nyie leteni mboga."

Walicheka mpaka maji yakamwagika mitungini. Kisha Mbonea akaweka mtungi wake chini, akakunja nguo yake, akaingia. Kesho yake walikuwa sita. Siku ya nne walikuja wenye mashamba ya chini na majembe yao. Baragumu halikupigwa. Hakuna aliyeitwa wala kuimbiwa mlangoni, lakini siku ya kumi ndiva ilikuwa safi chini, mchanga wote umerundikwa kwenye mashina ya misasa, nao ukingo umeshiba na kusimama.

Sasa fikirini hali ya miti ile. Ilikuwa uchi, haina jani la kuotea jua, ina njaa ya miaka miwili. Ikala kilichokuwa miguuni pake. Ikanyonya maji pamoja na mchanga, ukapanda mizizini, ukapita shinani, ukaenea matawini mpaka kwenye machipukizi. Majani mapya yakatoka. Kwa macho yalikuwa yaleyale, kijani kilekile, umbo lilelile. Mbonea ndiye aliyegundua. Alichuma jani moja ajipanguse jasho, akaruka.

"Uwi! Limening'ata!"

Bibi Nashuva alilichukua jani lile akalipitisha nyuma ya kiganja chake. Likaacha mistari myeupe kwenye ngozi. Alitazama mistari ile, akaitazama miti, akasema, "Imekataa."

Nakiete hakutaka kumtega mtu. Alirudi bomani, akapiga magoti tena. "Mfumwa, majani ya safari hii si ya kukanyagwa."

"Nilisema tabaka ngapi?" Mfumwa aliuliza.

"Mbili, Mfumwa."

"Basi nenda."

Yakatandikwa tabaka mbili. Wageni wa milima mitano wakafika, Mfumwa Kivuma akatangulia mbele yao, kifua wazi, akiwatajia mimea kushoto na kulia. Wakulima wana nyayo ngumu kama gome, lakini yeye alikuwa hajakanyaga udongo kwa miaka miwili, na nyayo zake zilikuwa kama za mtoto wa jana. Alipofika kwenye mkuyu alianza kupunguza maneno. Alipofika kwenye mshubiri alitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kurudi nyuma aliona aibu, maana aliyeagiza njia ile ni yeye. Wageni wenyewe, mmoja baada ya mwingine, walishuka wakapita pembeni kwenye udongo, huku wakiendelea kuisifu mimea kwa adabu. Ni yeye peke yake aliyefika kitini kwa njia ya majani, na nyuma yake majani yalikuwa na damu.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima wa mlima wa pili, hakuweza kujizuia. "Bustani yako ni nzuri, Mfumwa," alisema. "Ila njia yako inakula watu."

"Nani ameyaharibu majani yangu?" Mfumwa alifoka.

Watu walikuwa wengi, na wote walijua. Hakuna aliyetaja jina. Nakiete mwenyewe alisogea mbele, na safari hii hakupiga magoti. "Uliniambia nikailishe misasa," alisema. "Nimeilisha."

"Ikatwe! Yote! Sasa hivi!"

Wanaume wenye mashoka walipanda mpaka ndivani, na watu wote wakawafuata, hata wageni. Walifika ukingoni, wakaona maji. Ndiva ilikuwa imejaa, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na maji yalikuwa yanagusa mizizi ya misasa pande zote. Mwenye shoka la mbele alikuwa na shamba chini kabisa, shamba ambalo lilikuwa limesahau zamu yake. Alilitazama shoka, akaitazama ndiva, akalilaza shoka kwenye majani.

"Mimi siikati," alisema. "Mwenye kutaka ikatwe apande mwenyewe."

Mwenye kutaka ikatwe alikuwa kitini chini, hawezi kusimama. Hakuna aliyeteremka kumbeba. Bibi Nashuva alimwambia Nakiete afungue kizibo, na Nakiete akakifungua kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya milima mitano. Maji yakashuka mpaka shamba la mwisho. Siku ile watu walisahau kabisa kuwapikia wageni, na wageni nao walisahau kudai.

Siku ya nne Mfumwa Kivuma alipanda mlimani polepole, akikanyaga udongo. Alimkuta Nakiete ukingoni anasikiliza maji, akamuuliza kama kuna kazi. Akapewa kikapu kama mtu mwingine yeyote, akaingia kuzoa. Inasemekana nyayo zake ziliota ngozi ngumu kabla ya vuli kuisha. Nakiete akamaliza mafunzo yake, akawa mlinzi wa kizibo mpaka uzee.

Tangu hapo jani la msasa halijarudi kuwa laini. Wanawake wanasugulia masufuria, waseremala wanalainishia vigoda na milango, na ile karatasi ngumu mnayonunua dukani kusugulia mbao ikapewa jina la mti huu. Anayelishika kwa kazi linamfanyia kazi. Kulitandika limlainishie mtu njia, hilo halijawezekana tena. Na msaragambo nao, likipigwa baragumu siku hizi, watu huuliza kwanza ni kazi ya nani, na wakitajiwa jina la mtu mmoja huendelea na chakula chao.

Mwaka juzi bustani hii ilipata mkuu mpya. Aliona misasa hii miwili, huu na ule wa nyuma yake, inaangusha majani kwenye njia ya wageni, akatuagiza sisi wafanyakazi tuing'oe, tupande maua ya rangi aliyoyaona mjini. Alitueleza kwa urefu, kwa upole, akiwa na karatasi mkononi. Tulimsikiliza mpaka mwisho, tukamshukuru, tukachukua majembe yetu tukaenda kupalilia mgunga. Alikuja tena wiki iliyofuata, akaeleza tena. Tulipalilia mkwaju. Sasa haulizi. Misasa yenyewe ndiyo hii.