Springi Fupi za Mshamu

Mshamu, mshika funguo za gari lao dogo, alitangaza kuwa litafungwa springi fupi ili lishuke. Mkewe Siwatu, aliyelitegemea kupelekea wateja unga, hakubisha.

"Lishuke kiasi gani, Baba Tunu?"

"Lilalie lami."

"Basi lijaribu kwanza. Pakia magunia yangu manne, litashuka vilevile. Kajipitishe mbele ya rafiki zako pale mgahawani, kwenye matuta."

Tuta la kwanza lilikwaruza tumbo la gari. La pili liligonga bomba la moshi, na rafiki zake wakacheka mpaka wakamwaga chai. Mshamu aliyashusha magunia palepale, akapiga simu.

"Springi sitaki tena. Na unga wako nimeuacha kwa Mama Hidaya, mwenye mgahawa."

"Ahsante, mume wangu," alisema Siwatu. "Ndiye aliyeuagiza."