Hina ya Mwantumu na Waya wa Klachi

Haya, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi, nina gari. Na nina fundo lililoyashinda meno yangu, labda yenu yataliweza.

Pale Muheza aliishi Mzee Mhina, mwalimu mstaafu, na gari lake lenye mgongo wa kobe, kuukuu kuliko watoto wake wote. Marehemu mkewe aliletwa nyumbani kama bibi harusi kwa gari hilo, naye akaacha neno: binti wa nyumba hii haolewi akatoka kwa gari la kukodi.

Watoto walikuwa watatu. Sikudhani, mkubwa, alikuwa na masikio. Mashine ya kusaga ikikohoa mtaa wa pili, yeye anakwambia kinachoiuma. Mbaruku, mchomeleaji wa mageti, alikuwa na mikono, na chuma kilimtii kuliko mkewe. Mwantumu, kitinda mimba, mshonaji, alikuwa na vidole vyenye macho. Alitunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga, wala haangalii.

Siku moja kabla ya ndoa ya Mwantumu, Mzee alikanyaga klachi, pedeli ikalala chini, haikuinuka. Fundi wa mjini akaja, akatikisa kichwa. "Lazima injini ishuke, Mzee. Siku nne."

Mzee aliketi kwenye ngazi ya baraza, akalia waziwazi. Kisha akasema, "Macho yangu yamekwisha, kesho ndiyo safari yangu ya mwisho kuendesha. Atakayelifanya gari hili litembee, ufunguo ni wake."

Sikudhani akaingia ndani ya gari, akapiga pedeli mara tatu, akasikiliza. "Injini haina kosa. Waya wa klachi umekatika." Lililobaki lilikuwa gumu, maana Mzee Mhina hajawahi kukosolewa na mtoto. "Na aliyeukata ni wewe, Baba. Kila Ijumaa unaupaka mafuta ya nazi. Yameshika vumbi, yameganda, waya umesagika humohumo." Mzee alikasirika, akageuka upande, hakusema naye mpaka jioni. Lakini injini haikushushwa.

Waya mpya haukupatikana Muheza, wala Tanga. Mbaruku akaenda kwenye karakana yake, akaitazama winchi anayonyanyulia mageti, ile inayomlisha. Akaukata waya wake. Akaung'oa ule wa zamani garini, akatoa vichwa vyake viwili, akavichomelea kwa shaba kwenye huo wa winchi, kisha akautundikia geti zima la chuma. Haukukatika. "Sasa hata ng'ombe utamvuta," alisema, ingawa moyoni alijua Jumatatu hana kazi.

Waya ukapitishwa kwenye bomba jembamba chini ya sakafu. Ikabaki kuutia kwenye ndoano nyuma ya pedeli, kupitia tundu dogo kama mdomo wa kikombe, bila kuona. Mkono wa Mbaruku haukuingia. Wa Sikudhani uliingia, lakini waya ukamponyoka mara kumi na moja, walinihesabia waliokuwapo.

Mwantumu alikuwa ndani, amefungiwa kama mwari anavyofungiwa, hina mbichi mikononi. Aliposikia, akajitanda khanga, akatoka.

"We mtoto!" somo wake, kungwi anayemfunda, alipiga kelele. "Mwari hatoki nje! Na hina haijakauka!"

"Itakauka nikirudi, somo."

Akaingiza mkono wa kulia, akafumba macho. Akapapasa, akavuta, akanasa. Pedeli ikainuka. Mkono ukatoka mweusi wa grisi, maua yote yamefutika, nyumba nzima ikapiga vigelegele isipokuwa somo.

Kesho yake gari lilinguruma hadi kwa bwana harusi, Mzee kwenye usukani, watoto wote watatu ndani. Mama mkwe akaupokea mkono wa kulia wa Mwantumu, akaugeuza. "Mwanangu, hii nini?"

Mzee akajibu kabla yake. "Hiyo ndiyo hina ya kwetu."

Mama mkwe akacheka, akaubusu ule mkono.

Ndipo Mzee akatoa ufunguo.

"Bila mimi, Baba, injini ingekuwa chini mpaka sasa," alisema Sikudhani.

"Bila mimi, Dada, ungejua ugonjwa, dawa ukaikosa," alisema Mbaruku.

Mwantumu alikuwa bibi harusi, na bibi harusi hasemi sana. Alifungua tu kiganja chake.

Mzee akamtazama binti aliyemwambia kweli, mwana aliyejikatia riziki yake, na binti aliyetoa uzuri wake wa siku moja. Mkono ukabaki hewani, haujui uelekee wapi.

Msiniambie wagawane. Ufunguo ni mmoja, na gari si papai. Wala msinitazame mimi, nimelala nalo, nimeamka nalo. Wewe uliyekaa hapo mbele, ushike mkono wa Mzee: ungeupeleka kwa nani?