Hodi kwa Sauti ya Mama

Hapo zamani, udongo ulipokuwa bado na masikio, palikuwa na nyumba ya Bi Nyanya. Si nyanya mzaa mama yako; nyanya wa shambani, mwenye majani juani na wanawe gizani, mizizini.

Siwatu alikaa kwenye ncha ya mzizi. Kazi yake kumwaga jasho tamu udongoni, kuwaita marafiki. Makame alikuwa bawabu. Kazi yake kuchunguza kila hodi. Na Mize alikuwa seli, chumba kidogo kando ya mfereji wa maji. Kazi yake kupokea na kupitisha. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: adui akiingia chumbani, bawabu apige ukelele, na mwenye chumba ajiue papo hapo, ili mgeni afe njaa. Afe mmoja, wapone wote.

Siku ya jua kali, mnyoo mwembamba kuliko unywele alinusa jasho la Siwatu, akalifuata. Akapita mbele ya Makame. Makame kalala, joto la udongo lilikuwa limemlegeza. Mnyoo akafika kwa Mize, akachomoa mkuki kinywani, akamchoma, akatema mate. Na mate yale yakanena, kwa lafudhi ileile ya nyumba ile:

"Hodi, mwanangu. Kua."

"Kua" ndilo neno ambalo Bi Nyanya huwaambia wanawe. Mize akaitika, "Karibu, mama."

Akakua. Kiini chake kikawa viwili, vikawa vinne, vikawa vingi, wala ukuta haukujengwa kati yavyo. Mzizi ukavimba fundo. Maji aliyopaswa kuyapitisha yakaishia kwake, naye akamnywesha mgeni. Majirani wakamtania, "Mize, mwenzetu, hiyo mimba au msiba?" Akacheka nao, maana kukua ni kutamu.

Hata adhuhuri moja sauti kavu ikashuka kutoka juu: "Wanangu, majani yananyauka, matunda yanadondoka machanga. Nani anayanywa maji yangu?"

Mize akaitambua. Hiyo ndiyo sauti ya mama. Akatamani kuinama kwa haya, lakini kwa unene wake hakuwa na pa kuinamia.

Mvua ikanyesha, udongo ukapoa, Makame akazinduka, akapiga ukelele: "Mize! Jiue, nyumba ipone!"

"Nitajiua, kaka. Lakini niambie, nife kwa aibu ya nani? Siwatu ndiye aliyemwita."

Siwatu akalia, "Niliwaita marafiki, dada. Jasho halichagui pua. Bawabu ndiye aliyelala."

"Nililazwa na joto, sikulala kwa hiari," akasema Makame. "Na ile 'karibu' haikutoka kinywani mwangu. Ilitoka chumbani mwako, Mize."

Mize alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote: hodi ya mama haiumi. Ile iliuma, naye aliitika.

Akapasuka. Mnyoo akafa njaa. Maji yakapanda, na juu kabisa, kwenye tawi la mwisho, tunda moja likaanza kuwa jekundu.

Aibu peke yake ndiyo iliyobaki mle mzizini, haina wa kuitwaa. Haya, mliosikiliza: aliita mmoja, akalala mmoja, akaitika mmoja, na aliyekufa ni mmoja. Je, nani alistahili kuibeba?