Barua ya Kutokuwa na Pingamizi

Mwalimu mmoja alikuwa na timu ya mpira wa kikapu ambayo haikuwa imefungwa kwa miaka tisa. Jina lake Ambakisye. Chuo chake kiliitwa Msitu Mpana, chuo cha ualimu kilichojengwa juu mlimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi na wanachuo huandika wakiwa wamevaa makoti. Vyuo vya ualimu katika milima ile vilikuwa sita. Vyote sita vilikuwa na uwanja wa saruji usio na paa, na vyote sita vilicheza katika ligi moja, Ligi ya Milimani.

Ligi hiyo ilikuwa na desturi yake. Zamani timu mbili zilipigana ngumi kwa sababu ya kikapu kimoja kilichokataliwa na refa, na wakuu wa vyuo wakakaa siku mbili kutafuta dawa. Dawa waliyoipata ni hii: anayeshinda ndiye anayepika. Mechi ikiisha, washindi huingia jikoni kwa mwenyeji, husonga ugali, huunga maharage, na nahodha wao hupita na birika akiwanawisha mikono walioshindwa. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekunawisha mikono. Tangu siku hiyo ngumi hazikuonekana tena, na kamati iliyoundwa kushughulikia ngumi iliendelea kukutana kila mwaka ili kuthibitisha kwamba hazijaonekana.

Kwa miaka tisa, basi, Msitu Mpana walipika. Wakawa wapishi hodari. Ndani ya basi la chuo, wakiwa njiani kwenda kwenye mechi, walibishana juu ya kitunguu: kikaangwe mpaka kiwe rangi ya kahawia, au nyanya ziingie mapema. Mwalimu Ambakisye aliwasikiliza akatabasamu. Aliwatazama wakiwanawisha watu walioshindwa kwa pointi arobaini, akajiambia kwamba hakuna kocha mwingine nchini aliyelea vijana wanyenyekevu kama hawa.

Ndipo ikaja barua kutoka Tambarare.

Ligi ya Tambarare ilikuwa ya vyuo vikubwa vya huko chini kwenye joto. Wao walicheza ndani ya ukumbi, juu ya sakafu ya mbao, mbele ya saa ya umeme, na marefa wao hawakuwa wajomba wa mtu yeyote. Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja na viambatisho kumi na saba. Ilianza kama zinavyoanza barua zote za ofisini, kwa kumtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kichwa cha habari hapo juu kilisema kwamba Msitu Mpana wamekaribishwa kuhamia Tambarare, wakitaka.

Mkuu wa Chuo, Bwana Mgaya, alitaka tangu alipofika kwenye neno "paa". Wachezaji nao walitaka, ingawa hakuna aliyewauliza. Mwalimu Ambakisye hakutaka. Kwenye kikao cha Bodi alisimama akazungumza dakika ishirini na tano, na katika dakika zote hizo hakujitaja hata mara moja. Alizungumza juu ya majirani. Aliwataja Kisimani, chuo kidogo cha bondeni kinachoshika mkia kila mwaka. Sisi tukiondoka, aliuliza, nani atawaonyesha watu wale mpira unavyochezwa? Watajipima kwa nani? Mjumbe mmoja alitoa leso akafuta macho.

Bodi iliguswa, na ikafanya kile ambacho bodi hufanya ikiguswa: iliunda kamati ndogo. Kamati ndogo ilisoma viambatisho vyote. Katika kile cha kumi na mbili ikakuta kwamba timu inayohama sharti iwe na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa "chuo kitakachoathirika zaidi". Ilichukua vikao viwili, chai mara nne, kukubaliana kwamba chuo hicho ni Kisimani, maana aliye mkiani hana pengine pa kuangukia. Ikaamuliwa hivi: Kisimani wakipinga, Msitu Mpana watabaki. Wakiridhia, watahama. Jibu liwe mezani kwa Mkuu kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Mwalimu Ambakisye alijitolea kuipeleka fomu kwa mkono wake. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa na hakika ya pingamizi la Kisimani kama alivyokuwa na hakika ya jina lake mwenyewe. Hata alikuwa amewaandalia sentensi mbili nzuri za kuandika, wasije wakapata tabu.

Alikwenda siku ya Jumatano, mwezi wa pili, kwa gari la maziwa. Kocha wa Kisimani alikuwa Mwalimu Tusajigwe, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyefundisha hesabu, na aliyekabidhiwa timu kwa sababu siku ya kugawana majukumu hakuwepo, jino lilikuwa likimuuma.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Tusajigwe. "Umetuletea mvua."

"Marahaba. Nimewaletea jambo zito kuliko mvua."

Akamkaribisha jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Mpishi wa chuo, mama mnene mwenye kilemba, alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi. Tusajigwe aliisoma fomu akiwa amesimama, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani. Mwalimu Ambakisye alimweleza kwa upole kwamba asione haya kupinga, kwamba Msitu Mpana wanajua wajibu wao kwa majirani na hawatawatupa. Alipomaliza akatafuta mahali pa kuyapumzisha macho. Yakatua ukutani, juu ya ratiba ya kazi ya mpishi.

Ilikuwa ratiba ya mwaka mzima, imepigwa muhuri, imesainiwa na Mkuu wa Kisimani mwezi wa kwanza. Ilionyesha siku zote za mechi za nyumbani. Mbele ya mechi na vyuo vinne iliandikwa maneno yale yale: *Mpishi awepo, huenda tukapika sisi. Kuni mafungu mawili.* Mbele ya mechi na Msitu Mpana, ya mwezi wa tano, iliandikwa: *Mpishi likizo. Wageni watapika.*

Aliisoma mara ya pili. Mvua ilipiga bati.

"Hii mliandika lini, Mwalimu?"

"Januari, mzee wangu. Likizo huombwa mapema."

"Na wachezaji wako wameiona?"

Tusajigwe alitazama ratiba, kisha akamtazama mgeni wake, akaona kwamba hakuna tena namna ya kumpunguzia uchungu.

"Tukicheza na wengine, tunakwenda kucheza," alisema. "Tukicheza na ninyi, Mwalimu, tunakwenda kula."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa jibu la hesabu ambayo hakuitunga yeye. Kisha akaeleza yaliyobaki, kwa kuwa alikuwa ameulizwa. Mwaka uliopita walishinda mechi mbili, moja kwa pointi tatu na nyingine kwa moja. Walipika mara zote mbili. Ugali ulikuwa na madonge na maharage yalishika chini, na vijana wake walirudi bwenini wananuka moshi, wakiimba. Siku ya Msitu Mpana hawanywi uji wa asubuhi, ili wabakize nafasi tumboni. Hakuna anayewachukia Msitu Mpana. Hakuna pia anayewafikiria, mpaka harufu ya kitunguu itoke.

Mwalimu Ambakisye aliuliza swali ambalo hakujua kama analiuliza kwa niaba ya timu au kwa niaba yake.

"Kwa hiyo hamtatukosa?"

"Tutawakosa sana," alisema Tusajigwe. "Maharage mnayaunga vizuri kuliko hapa."

Mpishi akasonya.

Barua ikaandikwa pale pale, juu ya meza ya kukatia mboga: Chuo cha Kisimani hakina pingamizi. Kidau cha muhuri kilikuwa kimekauka, wakakilainisha kwa tone la chai.

Gari la maziwa lilimshusha njia panda, akabakiwa na nusu saa ya kupanda kwa miguu. Kwenye daraja dogo alisimama. Barua ilikuwa mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa ameitumikia serikali miaka thelathini na moja, na alikuwa ameshuhudia barua nzito kuliko hii zikipotea bila mtu kuumia. Ijumaa saa tisa na nusu ingefika, meza ingekuwa tupu, Bodi ingesikitika na kuunda kamati nyingine, na yeye angebaki kuwa mtu asiyefungwa.

Alijaribu kuwakasirikia Kisimani. Watu gani hawa, wanaokuja uwanjani kufuata maharage? Lakini hasira ilikataa kuwaka. Badala yake alilisikia basi la chuo, na ule ubishi wa kitunguu, na akajitahidi kukumbuka mara ya mwisho vijana wake walipobishana juu ya mpira ndani ya basi lile. Hakuikumbuka. Akakumbuka daftari lake la mbinu, ambalo ukurasa wake wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na tarehe ya miaka sita iliyopita. Kisimani walikuwa wakija kula. Vijana wake walikuwa wakienda kupika. Na yeye, kocha, alikuwa akienda kutazama watu wakila, na jambo hilo akaliita ushindi, halafu akaliita huruma.

Jina lake la kweli lilikuwa woga. Huko Tambarare wangemfunga. Hicho tu. Zile dakika ishirini na tano mbele ya Bodi alikuwa amejifunika jirani kama mtu anavyojifunika mwavuli wa kuazima, bila hata kumwambia mwenye mwavuli.

Alipanda mlima. Barua aliifikisha kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya wakati, jambo lililomtia shaka katibu muhtasi wa Mkuu hata akaisoma mara mbili kutafuta kasoro.

Wakahama.

Mechi ya kwanza chini ya paa walifungwa kwa tofauti ya pointi thelathini na nane. Hakuna aliyewanawisha mikono. Kila mmoja alipewa pakiti ya biskuti na boksi la juisi, akatakiwa kusaini kwamba amepokea. Walipanda basi wakiwa kimya, na kimya kile kilidumu mpaka lami ilipoanza kupanda milima.

"Gwakisa," mmoja akasema, "hivi wewe ulikuwa unamkaba nani? Refa?"

"Na wewe ulipaka nini mikononi? Mipira mitano imekuteleza, mitano!"

"Hamkunirudia nyuma! Nimebaki peke yangu chini ya kikapu kama mlinzi wa ghala!"

"Tungerudi kwa nani? Ulikuwa unaangalia ile saa, mtu wa milimani wewe!"

Basi zima likalipuka. Walisimama vitini, wakachora kwa vidole kwenye vioo vyenye ukungu: mimi nilikuwa hapa, wewe ulitakiwa pale, yule mrefu alipitia huku. Dereva aliomba watu wakae, hakuna aliyemsikia. Mwalimu Ambakisye, kiti cha mbele, hakugeuka. Alikuwa amefungwa mbele ya umati wa watu, kwa pointi thelathini na nane, na alikuwa bado hai, na njaa aliyoisikia haikuwa ya chakula. Alimwomba dereva kalamu. Akaanza kuchora yule mrefu alipopitia.

Msimu ule walicheza mechi kumi na nne wakashinda tatu. Bwana Mgaya aliweka picha ya paa ofisini kwake. Yule mjumbe wa leso aliuliza kikaoni kama haikuwa heri wangebaki kule walikokuwa wakubwa. Mwalimu Ambakisye alisimama, na safari hii alizungumza nusu dakika. Alisema kwamba katika zile tatu anaweza kuwasimulia kila kikapu, na katika ile miaka tisa hakumbuki hata kimoja. Akakaa.

Kule Milimani vyuo vitano vilivyobaki vilimaliza msimu vitatu vikiwa vimelingana kileleni. Kamati ilifungua kanuni kutafuta kifungu cha timu zinazolingana, ikakuta kurasa zake bado zimegandana, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuzihitaji. Kisimani walimaliza wa nne. Walipika mara tano.

Nanyi mnaosema mmebaki mlipo kwa ajili ya wengine: hao wengine, mmewahi kuwauliza?