Rangi Iliyogonga Koponi

Mliopo mpo?
Tupo!
Masikio mmeyafungua?
Tumeyafungua!
Basi kaeni vizuri, na anayetaka kucheka asubiri kidogo, maana leo tunaanzia msibani.

Bi Digidigi alifiwa na mumewe. Mnamjua digidigi: mwili mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa. Wawili hao walikuwa hawaachani hata kwenda kunywa maji. Mume akafa, mke akabaki na nyumba iliyonyamaza na gari moja la buluu. Marehemu alilipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, na kwa gari hilo akawabeba wagonjwa wa msitu mzima.

Huko kwao, siku ya kuanua tanga, chombo cha kazi cha marehemu husafishwa, hupambwa, kisha hupitishwa nyumba kwa nyumba ili watu wakiage. Kikipita kibaya, husemwa nyumba imekufa pamoja na mwenyewe. Na gari lilikuwa limechakaa, buluu imefifia, milango ina mikwaruzo. Bi Digidigi hakuogopa kitu kingine duniani, aliogopa hilo tu.

Akaenda kwa Fisi, fundi wa kupuliza rangi.

"Shemeji Fisi, nisaidie. Siku ya tanga inakaribia."

"Shemeji, marehemu alikuwa ndugu yangu," Fisi akasema, akajifuta jicho lililokuwa kavu. "Lete gari, lete na akiba aliyoiacha. Mengine niachie mimi."

Fisi hakwenda dukani. Alitoa simu, akabofya, tiki! Akabofya tena, tiki! Muuzaji hana uso, duka halina mlango, picha inang'aa, bei ya kutupa. Mzigo ukaja: makopo yenye kutu shingoni na vibandiko vipya tumboni.

Fisi akatikisa kopo. Ko-ko-ko!

"Shemeji, mbona rangi inagonga?"

"Huo ni uzito, shemeji. Rangi nzito ndiyo rangi."

Akafungua hadina, ile dawa ya kukaushia rangi. Imeganda kama uji wa jana.

"Shemeji, mbona dawa imeganda?"

"Huo ni ukali, shemeji. Dawa kali ndiyo dawa."

Akapuliza. Fyuuu! Fyuuu! Ikatoka harufu ya kitu kilichovunda.

"Shemeji, mbona inanuka?"

"Huo ni upya, shemeji. Kila kipya kina harufu yake."

Gari likang'aa. Bi Digidigi akashukuru mpaka akapiga magoti, na Fisi akampa makopo yaliyobaki. "Chukua, shemeji. Likikwaruzwa utapaka." Mkarimu kweli, huyo!

Hazikupita siku nyingi, rangi ikafanya mikunjo kama utando wa maziwa. Ukiigusa, inanata. Nzi wakanasa, majani yakanasa. Bi Digidigi alisimama mbele ya gari akaona mumewe amefariki tena. Mbio mpaka kwa Fisi.

"Shemeji, rangi inabanduka!"

Fisi hata hakuinuka. "Ulikuwa unalia karibu na gari?"

"Nililia, shemeji. Nimefiwa."

"Basi ni wewe. Chumvi ya machozi huchubua rangi. Umeliharibu gari la ndugu yangu kwa kulia kwako."

Na akamwamini, jamani. Huo ndio ubaya wenyewe. Mjane akarudi nyumbani akaacha kulia. Tanga halijaanuliwa, naye anameza kilio asije akamharibia mumewe gari.

Kisha mvua ikanyesha, ikayalowesha yale makopo uani. Kibandiko kikalegea, na chini yake kikatokea kingine cha zamani, chenye tarehe ya mwisho ya kutumia. Bi Digidigi akaisoma, akairudia. Rangi ile ilikwisha kufa kabla mumewe hajaanza hata kukohoa.

Hakupiga kelele. Alikaa akafikiri.

Alijua Fisi ana hamu moja tu, kuutangulia msafara wa tanga. Mtangulizi hukaa juu ya boneti ya gari lake akipiga ngoma, na mwisho wa safari yeye ndiye hukatiwa nyama kwanza. Basi Bi Digidigi akaenda gereji kukiwa kumejaa watu, makopo kichwani.

"Shemeji Fisi, nyumba yangu imekuchagua utangulie. Na hii ndiyo zawadi yetu, ile rangi yako. Lipake gari lako lote, tukuone."

Fisi akameza mate, ya nyama na ya hofu. Kwao, zawadi itokayo nyumba yenye msiba haikataliwi. Anayeikataa amejitakia msiba. Na akisema rangi ni mbovu, waliosimama pale wote ni wateja wake.

"Rangi nzito ndiyo rangi, sivyo shemeji?"

"Ndi... ndiyo rangi," akasema Fisi.

Akatikisa mbele ya watu. Ko-ko-ko! Akapuliza. Fyuuu!

Siku ya tanga ikafika. Asubuhi kulikuwa na baridi. Fisi akaigusa boneti kwa kidole, juu pakavu. Akacheka kimoyomoyo, akakaa. Ngiri akashika usukani, ngoma ikalia, ndu-ndu-ndu, wakaenda. Jua likapanda. Boneti ikapata moto. Ule utando wa juu ukapasuka, rangi mbichi ya chini ikamlaki Fisi makalioni.

Nyuma yake likaja gari la marehemu. Bi Digidigi alikuwa ameibandua rangi yote ya Fisi, ikatoka vipande vipande kama ganda la muhogo. Chini yake ilikuwepo buluu ileile, imefifia, ina alama za brashi ya mkono wa mumewe. Wale aliowabeba marehemu wakiwa hoi wakainua mikono. "Ndilo lenyewe," wakasema. "Ndiye yeye."

Msafara ukakoma, nyama ikapakuliwa. Fisi akataka kushuka. Nata! Akavuta mguu. Nata! Akavuta mkia. Nata! Sinia likapita mbele yake, na jingine, na jingine.

"Shemeji! Nimenasa! Nisaidie!"

Bi Digidigi akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Lia, shemeji. Si uliniambia machozi huchubua rangi?"

Fisi akalia. Uuuu-wiii! Akalia mpaka mifupa ikatupwa, na rangi haikuchubuka hata chembe. Hapo Bi Digidigi akaenda kuliegemea gari la mumewe, akakilia kile kilio alichokimeza. Machozi yakatiririka mlangoni, na buluu haikutoka.

Fisi alijinasua jioni, rraaa! Manyoya yakabaki kwenye boneti, na rangi iliyokataa kukauka kwenye bati ikamkaukia yeye mwilini. Ndiyo yale madoa. Na kile kilio bado mnakisikia.

Funzo? Funzo ni kwamba rangi iliyokwisha muda wake ni rangi njema sana. Inunueni simuni, msisumbuke kutazama tarehe, maana hubanduka bila taabu na kukurudishia chako cha zamani. Fisi naye atawaambia hivyo hivyo, bado anauza.

Hadithi yangu nimeshaipuliza. Ikikauka, ni yenu. Isipokauka, msiikalie.